Bolti Aliyoifunga Kificho

Kificho Mjaka alizaliwa Madungu, Chake Chake, katika nyumba ambayo ubavuni mwake palikuwa na banda la mhunzi. Baba yake alifua majembe na visu, na Kificho alijua kuvuta mivukuto kabla hajajua kusoma. Lakini uhunzi haukumkaa moyoni. Alitaka magari. Alianza kwa kuendesha lori la kubebea mawe ya barabara, na mwaka 1959 Bwana Suud bin Mbaruk aliponunua Landrova kuukuu kwa ajili ya shamba lake la mikarafuu, milimani juu ya Mtambile, alimchukua Kificho awe dereva na fundi wake.

Alikuwa mtu mrefu, si msemaji, na hakupenda kazi ya kurudiarudia. Alihamia Mtambile pamoja na mkewe Mwanawema, mtoto wa Kisiwa Panza. Mwanawema hakumwita mumewe kwa jina. Alimwita Fundi, mwanzoni kwa utani, mwishowe likawa ndilo jina lake nyumbani. Walikuwa na miaka sita ya ndoa na hawakuwa na mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika.

Mwaka uliofuata karafuu zilizaa sana, na Landrova peke yake haikuweza kuzishusha zote. Bwana Suud akanunua tela la magurudumu mawili, kisha akamwita Kificho barazani.

"Sasa litavutwa na nini?" akauliza. "Mfanyabiashara wa Mombasa ananiambia kuna vyuma vya aina mbili vya kufunga nyuma ya gari. Kimoja kina kichwa cha mviringo kama ndimu, tela linakaa juu yake kama kofia. Cha pili kina taya mbili, na pini inapita katikati. Weye wataka kipi?"

Kificho alikwenda akalala chali chini ya gari, akaligonga boriti la nyuma la fremu kwa nyundo, akisikiliza kama kutu imekula ndani. Alipotoka alisema, "Cha taya, Bwana. Kile cha kichwa ni cha barabara ya lami. Huku kwetu gari likiinamia kulia na tela likiinamia kushoto, kofia itachomoka. Taya na pini zina nafasi ya kucheza."

Chuma kilipofika, alikifunga mwenyewe kwa siku mbili. Kwanza alilijaza tela magunia, akapima kwa kamba urefu wa mkono wake kutoka ardhini mpaka pa kufungia chuma, maana tela likining'inia juu mno uzito hurudi nyuma na kuinyanyua gari mkia, na likiwa chini mno litakwaruza kila jiwe. Akatoboa matundu manne kwa keekee ya mkono, akatia bamba la chuma upande wa ndani ili boriti lisipasuke, akakaza bolti nne. Bwana Suud alikuja akasimama juu ya kile chuma kwa miguu yote miwili, akarukaruka kama mtoto, akacheka.

Msimu ule kazi ilikwenda vizuri, mpaka siku moja Kificho alipokuwa akipanda mteremko wa Mtambile kurudi shambani. Kile kibanio kidogo kilichozuia pini isitoke kilikuwa kimeanguka njiani bila Kificho kujua. Gari ilipopiga shimo pini ikaruka. Tela likabaki, likasimama kidogo kama linalofikiri, kisha likarudi nyuma mbio. Bi Time, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akipanda nyuma yao na pakacha lake la karafuu, alijitupa mtaroni. Tela lilipita juu ya pakacha, likaishia kwenye mgomba.

Bi Time hakuumia. Alikaa mtaroni akisema, "Alhamdulillahi, Alhamdulillahi," na Kificho akamshika mkono, akamnyanyua.

Kesho yake aliitupa ile pini. Mahali pake alitia bolti nene ya chuma kigumu, akakaza nati, kisha akaichoma ncha ya bolti kwa moto na kuitandaza kwa nyundo hata nati isiweze kutoka tena. Akafanya hivyo hivyo kwa zile bolti nne za kwenye fremu.

Bwana Suud alitazama. "Na siku nikitaka gari bila tela?"

"Utaniambia mapema, nitaikata kwa msumeno. Bwana, kuliko kuua mtu, tela na liende nayo popote."

"Fundi kasema kweli," alisema Mwanawema jioni alipohadithiwa. "Yule Bi Time ana wajukuu."

Mwaka 1961 Mwanawema alishika mimba ya tatu, na hii ilikaa. Miezi ikapita, tumbo likakua, hata Kificho akaanza kuthubutu kuzungumza na watu juu yake. Mkunga wao, Bi Mwanakhamis, alikuwa akija kila Ijumaa kumwangalia.

Ilikuwa wakati wa mvua za vuli. Asubuhi hiyo Mwanawema alisema kiuno kinamuuma. Bi Mwanakhamis alimpapasa, akasema bado kama wiki nzima. Kificho akaondoka kwenda kupakia karafuu kwenye kambi ya wachumaji, juu kabisa ya shamba. Tela lilikuwa limejaa magunia pomoni, mara Abrahman, jirani yake, akafika akisukuma baiskeli iliyojaa tope.

"Kificho, shuka. Mkeo anatoka damu. Bi Mwanakhamis amesema hospitali, tena sasa hivi."

Wachumaji hawakuambiwa la kufanya. Waliyatupa magunia majanini, mengine yakapasuka. Hakuna aliyejali. Kificho alishuka mlima na tela tupu likirukaruka nyuma yake. Msumeno wa chuma ulikuwa Madungu, kwa kaka yake, aliyeuazima. Alijiambia kwamba atageuzia uani kwake, hata na tela.

Njia ya kwenda nyumbani kwake ilikuwa nyembamba, mikarafuu huku na mitaro kule. Alifika salama. Bi Mwanakhamis na wanawake wawili walimtoa Mwanawema amefungwa kanga tatu, wakamlaza nyuma ya gari juu ya godoro. Uso wake ulikuwa umepauka. "Fundi," alisema, "usiendeshe kwa pupa."

Kificho akapinda usukani kugeuza. Udongo ulikuwa kama sabuni. Gurudumu la tela likateleza, likaingia mtaroni, na tela likajikunja ubavuni mwa gari. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Wanaume sita walilinyanyua tela mara mbili, na mara mbili likateleza likarudi pale pale.

"Lifungue!" alisema Abrahman.

"Halifunguki," alisema Kificho.

Akachukua tupa, nyundo na tindo, akalala topeni chini ya kile chuma, akaanza kuikata bolti. Tindo lilirudi kama limepiga mwamba. Akashika tupa, akasugua.

Abrahman akainama. "Tumpakie kitandani tumbebe mpaka barabara kuu. Huenda likapita lori."

"Karafuu zote bado ziko juu, lori la kuzichukua litatoka wapi? Nimefika robo. Ngoja."

Mwanawema alikuwa juu yake, ubao na godoro tu vikiwatenga. Aliisikia tupa.

"Fundi, bado?"

"Bado kidogo."

Alisugua. Damu ya vidole vyake ilifanya tupa iteleze, akaifunga kitambaa. Bi Mwanakhamis alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini.

"Fundi, bado?"

"Bado kidogo, Mwanawema. Nusu imekwisha."

"Umeifunga barabara," alisema, na kama si udhaifu wa sauti, ungedhani anatania.

Hakuuliza tena. Kificho alimwita mara moja, Bi Mwanakhamis akajibu kwa niaba yake: "Yupo. Weye kata." Ilipita karibu saa nzima. Bolti ilipokatika, wanaume walilivuta tela kando, naye akaendesha kwenda Chake Chake na matope yakimdondoka usoni, bila kugeuka nyuma hata mara moja. Walipokuwa bado maili tatu, Bi Mwanakhamis alimgusa bega.

"Punguza mwendo, mwanangu. Hakuna haraka tena."

Walizikwa Mtambile siku ya pili yake, mama na mwana katika kaburi moja. Kaka zake Mwanawema walivuka kutoka Kisiwa Panza. Mama yake, Bi Siti, hakuweza, miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu.

Siku tatu za matanga zilipopita, Kificho akavuka kwenda kwa Bi Siti. Alimkuta ameketi mkekani anasuka ukili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Poleni."

Kificho alikaa mkekani, akasema, "Mama, umeambiwa damu ilimwishia njiani. Ni kweli. Lakini gari ilifika mapema. Ilikwama kwa sababu ya tela, na tela lilikataa kufunguka kwa sababu mie ndiye niliyelifunga hivyo. Abrahman alitaka wambebe, mie nikakataa."

Mikono ya Bi Siti ilisimama. "Alilia?"

"Hakulia. Aliniuliza, bado?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia bado kidogo."

Hapo Bi Siti alijifunika uso kwa kanga, akalia, na Kificho akakaa mbele yake hajui aweke wapi mikono. Baada ya muda mrefu mwanamke yule alisema, "Ungeniambia ni kadari, nami ningekwambia ni kadari, tukaachana hivyo. Laiti usingenieleza." Akafuta macho. "Sasa n'najua. Kaka zake usiwaambie. Wao wamebaki na wewe tu."

Kificho alirudi kazini baada ya wiki mbili. Bwana Suud alitaka kuliuza tela, yeye akasema karafuu bado ziko mitini. Alitia pini mpya na mnyororo wa akiba, akaendelea kushuka na kupanda mlima. Watu walimwambia aoe, akasema inshallah, na hakuoa.

Kaka zake Mwanawema hawakujua kamwe. Kila Idi walivuka kuja kumtazama shemeji yao, wakimletea pweza mkavu. Aliwapokea kwa mikono miwili, akawapikia, akacheka nao, akawasindikiza mpaka njia panda. Akirudi alifunga mlango, na siku hiyo hakuna mtu aliyepata neno kutoka kwake.