Zaburi ya Mama Iliyohifadhiwa

Simu ilimkuta dada mtu kwenye cherehani, anapinda sketi ya shule. Aliyepiga ni jamaa wa ofisi moja na kitinda mimba wao, yule waliyezoea kumwita Profesa. Lori limemgonga makutanoni. Hospitali hakufika. Dada mtu akaendelea kukanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika, hajui anashona nini.

Mama yao alikuwa haoni. Kwa ajili yake Profesa aliandika programu ya kompyuta kwa lugha ya Python, akasoma zaburi na kujirekodi, mama awe anamsikia akiwa mbali. "Profesa mzima, chai inakushinda kuchemsha!" mama alikuwa akimtania. Wiki moja kabla ya ajali, Profesa alimpa dada yake flashi.

"Dada, zaburi ya mama nimeihifadhi humu, na programu yake. Jumapili nakuja kumwekea."

Sasa mama alikuwa na ombi moja tu. "Kabla hamjamfukia, nimsikie mwanangu."

Asubuhi ya mazishi jamaa alikuja na kompyuta, akachomeka ile flashi. Alieleza kwamba programu huweza kukiandika kitu ilichokiunda, kama hiyo zaburi, kwenye faili, kisha siku nyingine ikakirudisha kama kilivyokuwa. Akabonyeza.

"Kimefunguka, dada!"

Kwenye kioo palitokea jina la zaburi, tarehe, dakika nne na sekunde kumi na mbili.

"Haya, iache isome basi, mama asikie."

Jamaa alisogeza uso kwenye kioo, akasoma tena. "Sauti haimo. Kilichohifadhiwa ni mahali ilipo tu. Iko kwenye kompyuta yake."

Kompyuta hiyo Profesa alikuwa ameibeba mgongoni siku ya ajali. Begi walirudishiwa na polisi, diski ikiwa vipande.

"Mbona aliniambia imo?"

"Mwenyewe hakujua, dada. Kwake kila akijaribu ilisoma, maana sauti ilikuwa palepale kwenye kompyuta."

Dada mtu alimwomba Mungu njia nyingine. Hakuiona. Akaingia chumbani, akapiga magoti mbele ya mama.

"Haipo, mama."

"Haipo leo, au haipo kabisa?"

"Kabisa, mama."

Walimzika saa nane. Mama alishikwa mkono hadi kwenye jeneza, akalipapasa, akauliza uso uko upande gani. Wakampeleka kiganja pale. Sala ikasomwa, udongo ukarudishwa, na watu wakaondoka mmoja mmoja.