Maji na haya ya mukwe

Juzi nilikuwa nangojea dawa ya goti kwenye kituo cha afya, Wamaza. Kijana mumoja akaingia, amebeba mama mukwe wake mugongoni. Walitoka Kasongo na pikipiki, wanaenda Kabambare. Mama akazimia juani, karibu na soko.

Alipoamka, muganga akamuuliza: «Mama, ulikunywa maji lini?»

«Jana jioni.»

«Na hii bidoni yako ya maji imejaa?»

Mama akajifunika uso na kitenge. «Nikikunywa, nitakojoa. Nani atamwambia mukwe asimamishe pikipiki? Mimi?»

«Figo hazijui mukwe. Kunywa!»

Akakunywa. Kijana aliangalia ukuta.

Desturi naiheshimu. Lakini mama aliogopa kusema «simama», na sasa soko nzima imemuona akining'inia kwa mukwe kama gunia la muhogo. Mimi ningekunywa.