Kitanda Kando ya Mama Mkwe

Wacheke. Mpaka leo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hawezi kunitambulisha kwa mtu pale Kigoma bila kusema kwamba huyu ndiye aliyelipia kitanda kwenye ndege halafu akaenda kukaa karibu na choo. Watu wanashika mbavu. Mimi nawatazama tu. Ni kweli nilifanya hivyo, na nikiambiwa kesho nirudie, nitarudia, tena bila kubembelezwa.

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Ulaya kutibiwa nyonga. Aliondoka kwake Rusimbi, kulekule Kigoma, amebebwa, wanaume wanne wamemshika, kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye gari lililomsubiri barabarani, majirani wamesimama kimya kama watu wa msibani. Wengine walilia kabisa. Jambo lile lilimuuma kuliko hata nyonga yenyewe. Alipofika kwetu, kabla hajavua koti la kuazima, alimwambia mke wangu: "Nimetoka nimebebwa. Sirudi nimebebwa." Akapasuliwa, akawekewa nyonga ya chuma, akafundishwa kutembea upya kama mtoto, na kila alipochoka alikuwa anajikumbusha maneno hayohayo kwa sauti ya chini.

Siku za kurudi zilipokaribia, mke wangu alikuwa na mimba kubwa, haruhusiwi kupanda ndege. Nikabaki mimi. Daktari alisema mama asikae safari nzima amekunja mguu. Alale, anyooke, mguu uwe juu ya mto. La sivyo utavimba, damu inaweza hata kuganda, na akishuka hataweza kuukanyagia. Ndiyo maana tukakata tiketi za daraja la biashara, lile la mbele, sisi ambao miaka yote tunasafiri nyuma na magoti kidevuni. Waliosema tungejenga banda la kupangisha kwa hela ile, waliona nyonga ya nani? Mke wangu akachagua viti viwili vya katikati, vya pamoja, ili niwe karibu nimsaidie mama yake. Tulifikiria mguu tu. Hatukuwahi kupanda huko mbele, hakuna aliyewaza kwamba kiti kikishalala ni kitanda, na vitanda viwili vikikaa pamoja ni chumba kimoja.

Kwetu sisi Waha, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Sili mbele yake, naye hali mbele yangu. Hatupeani mkono. Nikimwona anakuja njiani, napisha na kumpa mgongo mpaka apite. Kumwona amelala ni jambo ambalo hata halitajwi. Miezi yote aliyokaa kwetu nilikuwa nakohoa kabla ya kuingia sebuleni kwangu mwenyewe, na chakula nakila jikoni nimesimama. Akitaka kuniambia kitu, anamwambia mke wangu hata kama nipo palepale: mwambie baba wa watu asante kwa dawa. Wenzangu kazini walidhani hatuelewani. Nikawaambia ndivyo tunavyopendana, na asiyeelewa shauri yake.

Tulipanda asubuhi. Mhudumu, binti mmoja mwenye tabasamu lisiloisha, alitukaribisha kwa taulo za moto na juisi, akatuonyesha vitufe pembeni mwa kiti. Akabonyeza kimojawapo. Kiti changu kikaanza kushuka chenyewe taratibu, kikanyooka, mpaka mto wangu ukawa sambamba na wa mama mkwe, na katikati yetu kuna kibao kifupi cha kuwekea kiwiko. Mama aliona. Akavuta kitenge chake akajifunika uso. Mimi nikabonyeza kila kitufe nilichokiona hadi kiti kikasimama, nikakaa wima kama nimeitwa polisi.

Kikaja chakula. Tulitandikiwa vitambaa vyeupe, tukawekewa vyombo vya udongo na vijiko vizito, kila mtu mbele yake, bega kwa bega. Hakuna aliyegusa. Binti akadhani samaki hawakutupendeza, akaleta nyama. Nyama ikarudi. Keki ikarudi. Nilimwambia hatuna njaa, na tumbo langu likanguruma mbele yake, akanitazama kwa huruma akaenda zake.

Halafu wakafunga madirisha mchana kweupe ili watu wapumzike. Taa zikapunguzwa, wenzetu wote wakalala chali na blanketi mpaka shingoni. Mama mkwe peke yake alikuwa ameketi. Nilijitahidi nisimtazame, lakini mguu wake niliuona. Soksi ilikuwa imeanza kumbana, na nyama ya mguu imefura juu ya ukingo wake. Niliogopa kwelikweli. Safari ilikuwa bado ndefu, na mke wangu hayupo wa kutusemea.

Basi nikaisemesha televisheni ndogo iliyokuwa mbele yangu. Nikaiambia kwamba mtu mwenye nyonga mpya anatakiwa alale, na mimi nitafumba macho mpaka Dar es Salaam.

Mama akainua pochi yake akaiweka mapajani.

"Pochi yangu," akasema, "mwambie baba wa watu kwamba kufumba macho si kutokuwepo. Sitalala kando ya mume wa mwanangu."

Alikuwa na haki. Wapo watakaosema huo ni ushamba, kwamba angani hakuna Kigoma wala Uha. Mimi sijawahi kuelewa heshima inayovuliwa kama koti kwa sababu umepanda ndege. Kama ni yako, unakwenda nayo. Nikafungua mkanda, nikainuka.

Nilianza na jirani wa upande wa pili, bwana mmoja mwenye kiti cha pekee dirishani. Nikamwomba kwa adabu tubadilishane. Akauliza kwa nini, nikababaika, akarudisha kitambaa chake cha macho akalala. Mama mmoja wa kizungu naye akakataa. Kumbuka kwamba mama mkwe asingejali hata kidogo kulala kando ya yule bwana asiyemjua. Tatizo lilikuwa mimi, mkwe, peke yangu ndege nzima.

Nikamwomba binti anipeleke nyuma, kiti changu kibaki wazi. Hakuelewa. Akaniambia nyuma imebaki nafasi moja tu, ya katikati, mstari wa mwisho. Nikasema hiyohiyo. Akamwita mkuu wao, mama mrefu wa makamo, mkali, ambaye aliniuliza kama kiti kina hitilafu, kama chakula kilikuwa kibaya, kama ninajua kwamba nikihama sirudishiwi kitu. Nikamjibu sijadai kitu. Hapo akanikazia macho, akamtazama mama aliyejifunika kitenge, akafikiri anachofikiri. Akainama akamuuliza mama kwa Kiingereza, polepole, kama mwanamume huyu anamsumbua.

Mama mkwe wangu hajui Kiingereza. Anachojua ni kwamba mwenyeji akikusemesha kwa upole, unaitikia. Akaitikia kwa kichwa, tena mara mbili, na kushukuru kwa Kiswahili.

Jamani. Nilipelekwa nyuma mimi, mhudumu mbele na mhudumu nyuma, watu wanatoa vichwa kwenye mablanketi kunitazama. Damu ilinichemka. Ningeweza kujieleza, Kiingereza ninacho cha kutosha. Lakini ningeeleza vipi bila kutangaza mbele za watu kwamba mama huyu anaona haya kulala kando yangu? Hayo ni ya kwetu. Nikaketi katikati ya mabwana wawili wapana, mlango wa choo unafunguka na kufungwa kisogoni kwangu, na yule mkuu akaniambia nisivuke tena pazia la kwenda mbele mpaka tutue.

Kuonekana mhuni sikujali. Kilichonitesa ni kutojua. Vipi kama bado amekaa vilevile, mguu unajaa, mimi nimefungiwa huku? Nilikivumilia choo, nikawavumilia wale mabwana, lakini hilo sikuliweza. Nikamsimamisha mhudumu wa nyuma, kijana wa kike wa kiafrika mwenye uso wa huruma, nikamwambia kwa kifupi: yule ni mama wa mke wangu, ana nyonga mpya, kwetu halali nikiwepo. Akasema hata kwao ni hivyohivyo, mjomba wake aliwahi kuruka dirisha kumpisha mama mkwe. Akaenda. Aliporudi alikuwa anacheka: mama amelala, mguu uko juu ya mito miwili, na kabla ya kulala amekula samaki, nyama na keki.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, bwana wa kulia akashtuka. Kwenye kile kiti nilikaa na shingo iliyopinda na furaha ambayo sijaipata kwenye kiti kingine chochote.

Dar es Salaam tulipumzika kwa ndugu. Ndege ya Kigoma haina daraja la mbele, mama akakaa na mwanamke mwenzake, mimi nikakaa mistari kadhaa nyuma yao. Shemeji alikuja kutupokea na gari. Mama akapanda gari, mimi nikakodi bodaboda nikawafuata kwa mbali, na vumbi lao lote nikalila, kupitia Katubuka mpaka Rusimbi.

Nyumba ya mama iko chini ya barabara. Kuna njia ya mteremko, mchanga na mawe, gari halifiki. Ndugu walikuwa wamejaa. Wanaume wameshakunja mikono ya mashati, tayari kumbeba. Nilimsikia mama akiwaambia neno moja tu.

"Pisheni."

Wakapisha. Nami nikasogea kando ya njia, nikampa mgongo, uso kwenye ukuta wa jirani. Shemeji alikuwa na simu mkononi anarekodi, akaniita nigeuke. Akasema siku hizi nani anafuata mambo hayo, umemtoa Ulaya kote huko halafu hutaki kumwona anaingia?

"Sikumleta nimwone," nikamwambia. "Nimemleta afike."

Ndala zake zikaanza kuteremka, moja, halafu nyingine, bila mlio wa fimbo, bila nyayo za mtu wa kumshikilia. Jiwe likaviringika, kila mtu akavuta pumzi, hata mimi. Zikaendelea. Zilipofika nyuma yangu zilisimama kidogo, kisha zikateremka tena mpaka sikuzisikia. Wanawake wakapiga vigelegele mlangoni, nikajua ameingia kwake. Nililia pale ukutani, sifichi. Shemeji akanifuata na simu ili niangalie alivyotembea. Nikamwambia airudishe mfukoni.