Ovaroli ya Mzee Chokaa

Mgonjwa alikuwa mama. Lakini daktari, picha ya kifua cha mama ikiwa mkononi mwake, alimgeukia baba.

"Mzee, wewe unafanya kazi gani?"

Tukatazamana.

Anayekohoa ni mama. Aliyeshindwa kupanda ngazi za hospitali mpaka tukamkalisha njiani apumzike ni mama. Baba mwenyewe alikuwa mzima wa afya, amekaa pembeni na kofia yake magotini.

Akajikohoza. "Mimi ni fundi bomba. Nimestaafu, lakini kama kuna bomba linawasumbua hapa, naweza kulitazama."

Nikauma mdomo nisicheke. Ndivyo baba alivyo. Ukimuuliza kazi yake, anadhani unamtafutia kazi.

Daktari hakucheka. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu.

"Mabomba ya aina gani, mzee?"

"Ya mvuke. Hotelini, kule chini kwenye boila."

Akaweka ile picha mezani. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili twende pamoja.

Baba alifanya kazi miaka yote kwenye hoteli moja kongwe, jengo la zamani lenye kuta nene na ngazi za mbao. Wageni walilijua jengo hilo kwa juu, kwenye mazulia. Baba alilijua kwa chini, kwenye chumba cha boila, ambako mabomba ya moto yalipita darini yakiwa yamefungwa kitu cheupe, kinene, mithili ya mguu uliowekwa plasta.

Bomba likivuja, baba anakwangua kile cheupe, anaziba, kisha anapaka kingine. Kazi imeisha.

Kile cheupe kiliitwa chokaa. Mabosi walikiita chokaa, mafundi wakakiita chokaa. Na kwa kuwa baba alirudi nyumbani akiwa mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu, mtaa mzima ukamwita Mzee Chokaa. Mpaka leo kuna majirani hawalijui jina lake.

Sasa mama.

Mama alikuwa mtu wa usafi, na nikisema usafi namaanisha usafi wa kero. Ukiingia na viatu vichafu unatolewa nje na viatu vyako na heshima yako. Na alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: ovaroli ya baba haiingii kwenye beseni na vumbi lake. Vumbi likikutana na maji linakuwa tope, linakula sabuni, nguo inatoka na mabaka.

Kwa hiyo kwanza inakung'utwa.

Kila jioni, baba akiingia bafuni, mama anaichukua ovaroli anaileta uani. Ovaroli ya mwanaume mzima ni nzito, inataka watu wawili. Mama anashika mabega, mimi nashika miguu.

"Moja... mbili..."

Paa!

Vumbi linapanda, linametameta kwenye jua la jioni. Tunapiga chafya, tunacheka, tunarudia. Paa! Paa! Mpaka ovaroli itoe mlio mkavu ambao mama aliupenda, ndipo iingie majini.

Ule ndio ulikuwa mchezo wangu na mama. Watoto wengine walikuwa na mpira, mimi nilikuwa na ovaroli.

Turudi kwa daktari.

"Ile haikuwa chokaa, mzee," akasema. "Majengo mengi ya zamani mabomba yake ya moto yalifungwa asbesto, na mapaa yakaezekwa mashiti yake, kwa sababu haishiki moto. Ikitulia haina maneno. Ikikwanguliwa, ikakatwa au kuvunjwa, inatoa nyuzi ndogo sana, huzioni kwa macho. Ukizivuta zinajichomeka ndani ya kifua, hazitoki tena. Zinakaa kimya miaka mingi, hata thelathini au zaidi, ndipo zinaanza."

"Lakini aliyekuwa anakwangua ni mimi," baba akasema. "Mbona mimi sikohoi?"

"Mwenzako zimeshamwanza, wewe bado. Hatuwezi kujua kwa nini. Na wewe tutakupima."

Kisha akamgeukia mama. "Nguo zake za kazi alikuwa anafua nani?"

"Mimi," mama akajibu.

"Ulikuwa unazikung'uta kwanza?"

Mama akatabasamu kidogo, akadhani anasifiwa. "Lazima."

Daktari akaandika. Kisha akanitazama mimi. "Kuna mtoto aliyekuwa anakusaidia?"

Nikafungua mdomo.

Mama akanifinya paja chini ya meza. Alinifinya kweli kweli, kama zamani nilipotaka kuropoka mbele ya wageni.

"Peke yangu," akasema. "Huyu? Huyu alikuwa mvivu, hata kijiko chake mwenyewe alikuwa haoshi."

Baba akacheka kidogo. Nikacheka na mimi. Sijawahi kucheka kicheko kibaya kama kile.

Mama alikuwa na saratani ya ule utando unaozunguka mapafu. Maji yalikuwa yanajaa kifuani, yanambana pumzi. Walimchoma sindano ubavuni wakayatoa, akapumua vizuri, tukafurahi. Yakajaa tena.

Nilishika simu nikaanza kutafuta dawa ya kuzitoa zile nyuzi kifuani mwa mtu. Hakuna. Nikabadilisha maneno ya kutafutia. Hakuna. Nikajaribu kwa lugha nyingine ninayoijua kwa kubabaisha. Hakuna vile vile. Daktari alikuwa ameshatuambia, lakini nilitaka niambiwe na mtu mwingine.

Ndugu walikuja, kila mmoja na ushauri wake. Huyu majani, yule mafuta ya kuchua kifua. Tulipokea vyote, tukashukuru.

Na baba? Baba alishika spana.

Alikaza mabomba yote ya nyumba ile. La jikoni, la bafuni, la uani. Akimaliza anarudia. Mabomba yenyewe yalikuwa hayavuji. Nilimwona siku moja amesimama mbele ya bomba zima, ameshika spana, hajui aanzie wapi. Nilirudi ndani kimya kimya.

Siku moja mchana nikabaki na mama peke yetu.

"Mama, kwa nini ulimdanganya daktari?"

"Nani kamdanganya?"

"Ulisema ulikuwa peke yako."

Akapumzika kwanza. Siku zile kila sentensi ya mama ilikuwa na mahali pa kupumzikia.

"Umemwona baba yako anavyohangaika na mabomba?"

"Nimemwona."

"Hayo ni kwa ajili yangu mimi tu." Akapumzika. "Akijua na wewe ulikuwa unashika miguu ya ovaroli, mwanangu, hatoki hapo. Kila akiitwa Chokaa ataona anaitwa kwa kosa lake."

"Lakini siyo kosa lake."

"Sasa nenda kamwambie hivyo uone kama atakuelewa." Akapumzika tena. "Nenda kapime. Mweleze daktari ukweli wote. Baba yako asijue. Niahidi."

Nikaahidi. Utamkatalia vipi mtu anayekuomba huku anatafuta pumzi?

Nikaenda kupima. Daktari yule yule akanisikiliza mpaka mwisho, wala hakushangaa. Picha yangu ilitoka safi.

"Kwa sasa," akasema.

"Kuna dawa ya kuzuia?"

"Hakuna. Usivute sigara, uwe unakuja kuangaliwa. Ukianza kukohoa kusikoisha, au pumzi kubana, usikae nyumbani. Wengi waliovuta vumbi hili hawapati saratani kabisa."

"Nitajuaje kama mimi nipo kwenye hao wengi?"

Akaniandikia tarehe ya kurudi.

Mama alifariki asubuhi moja, baba akiwa amemshika mkono, mimi nimeshika miguu. Niliona nilivyoishika, kama enzi za ovaroli, nikalia sana.

Siku zikapita. Mjomba, kaka yake mama, akaja kututazama. Mjomba ni mtu wa vitendo, hawezi kukaa kwenye nyumba ya watu bila kurekebisha kitu. Akazunguka uani, akaliona bafu.

Bafu letu la uani ukuta wake mmoja ulikuwa shiti la kijivu la kuezekea ambalo baba alipewa hotelini walipobadilisha paa la stoo. Lilikuwa zuri enzi zake. Sasa lilikuwa limepasuka, kingo zinamong'onyoka.

"Shemeji, hili limekwisha," mjomba akasema, na nyundo tayari mkononi. "Nalivunja nalitupa jalalani, kesho nakuwekea bati."

Akainua nyundo.

Sijawahi kumsikia baba akipiga kelele vile.

"USILIGUSE!"

Mjomba nusura aangushe nyundo mguuni. Baba alitoka ndani pekupeku, akasimama kati ya mjomba na ule ukuta, mikono imetanuka.

"Shemeji, ni ukuta tu."

"Siyo ukuta. Ni asbesto, ndiyo ile ile. Weka nyundo chini. Weka chini, nakuomba."

Mjomba akaiweka chini taratibu, kama polisi wamemwambia.

Nikapiga simu huku na huku mpaka nikapata watu wenye mafunzo ya kazi hiyo. Walikuja wamevaa mavazi meupe ya mwili mzima na barakoa nzito za vichujio, siyo hizi za kitambaa. Majirani wakatoka kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti kama hao wanakwenda mwezini. Wenyewe wakawaambia watu wote wasogee mbali, na madirisha yafungwe.

Cha kwanza walichofanya, wakamwaga maji.

Walilinyunyizia lile shiti mpaka likalowa chepechepe. Wakafungua misumari polepole, wakalishusha zima bila kulivunja, wakalifunga kwenye nailoni nene mara mbili, wakabandika onyo. Vipande vidogo wakaviokota vikiwa vimelowa. Hakuna aliyeshika ufagio. Walipomaliza, wakapangusa kwa matambara mabichi, na matambara nayo yakaingia kwenye nailoni pamoja na yale mavazi. Hawakuondoka na vumbi kwenda nalo kwao.

Baba alitazama yote kutoka dirishani. Walipoturuhusu kutoka, akaenda akasimama pale alipokuwa anasimama kuoga. Ukuta haupo tena. Kati yake na kamba ya kuanikia nguo hakukuwa na kitu.

"Kumbe ni maji tu," akasema. "Wameanza na maji. Mama yako angeitumbukiza tu ovaroli kwenye beseni na vumbi lake."

"Hakujua, baba."

"Hatukujua."

Kisha akanyoosha kidole kuelekea kwenye kamba.

"Pale ndipo mlipokuwa mnasimama."

Nikaitazama kamba.

"Ulipokuwa unakwenda kwa shangazi yako, mama yako alikuwa anaikung'uta mwenyewe. Ilikuwa haitoi mlio wa maana, inaburuza tu. Ukiwepo, ilikuwa inalia paa." Akapiga viganja vyake pamoja, kidogo tu. "Mtu mmoja hawezi kuutoa mlio ule."

Nikaikalia ndoo iliyokuwa karibu.

"Nilikuwa nawasikia mnahesabu. Moja, mbili. Mnacheka. Nimeshamaliza kuoga, lakini nilikuwa nawasubiri nyuma ya ukuta uliokuwa hapa mmalize kwanza. Nilikuwa sitaki kuwaharibia."

"Baba, umejua tangu lini?"

"Tangu kwa daktari. Mama yako aliposema, 'Peke yangu.'"

"Mbona hukusema?"

"Mama yako alikuwa amejitahidi sana nisijue," akasema. "Lilikuwa jambo pekee lililobaki ambalo aliliweza. Ningemnyang'anya na hilo?"

Basi tulikaa miezi yote ile watu watatu kwenye nyumba moja, kila mtu anajua, kila mtu anamficha mwenzake.

"Umeshapima?" akaniuliza.

"Nimepima. Picha ni safi."

"Wanasemaje?"

"Wanasema tusubiri."

Akatikisa kichwa polepole. Alikuwa fundi, maisha yake yote mtu akimletea tatizo alikuwa anajua ashike wapi. Alinitazama kifuani, kisha akatazama mikono yake.

Akachukua spana, akaenda kukaza bomba la uani. Lilikuwa halivuji.

Nimeandika haya kwa ruhusa yake. Amesema niandike, ila jina la hoteli niliache, kwa sababu majengo ya hivyo yamejaa kila mahali na mtu asijidanganye kuwa la kwake siyo.

Kama unaishi au unafanya kazi kwenye jengo la zamani, na kuna mashiti ya kijivu juu ya paa au mabomba yaliyofungwa kitu cheupe, usikurupuke. Kama ni zima, liache, usilitoboe, usilikate, usilikwangue. Kama limeanza kumong'onyoka, usilifagie, usilivunje mwenyewe, na usichukue kipande ukajengee banda. Wape taarifa wenye jengo, waitwe watu wa kazi hiyo. Na wewe fundi, nguo za kazi ziache kazini zifuliwe huko. Mwajiri akikataa, mbane mpaka akubali. Usimpelekee vumbi hilo mkeo, wala mwanao anayekusubiri mlangoni.

Na wewe unayesoma, kama kwenu kuna mtu anayerudi jioni mweupe, na nyote mnasema ni chokaa, leo muulizeni ni chokaa ya wapi.