Nati ya Breki ya Nyuma

Mume wangu hakufa kwa kazi ya Mungu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu msibani walinisema sana nilipokataa kuitikia maneno hayo. Alikufa kwenye mashindano ya pikipiki, barabara ya vumbi ya kwenda Galula, pale inaposhuka kuelekea mtoni, na breki yake nililegeza mimi.

Bodaboda wa huku wana utaratibu wao. Siku ya mashindano pikipiki inasimamishwa kwa stendi ya kati, mtu analisukuma gurudumu la nyuma kwa mkono, mara moja tu, na watu wanahesabu kwa sauti litazunguka mara ngapi kabla halijasimama. Likiwahi kusimama wanakucheka, wanasema breki inalishika, leo utakula vumbi la wenzako. Basi unachukua spana, unalegeza nati ya breki kidogo, unasukuma tena. Breki ya mbele hata haitajwi. Walishaifungua wote kitambo, kwa kuwa kwenye mchanga ukiishika inakubwaga. Kwa hiyo mtu anayekwenda kukimbia kwa spidi ya wazimu ana breki moja, na hiyo moja anailegeza ili asifiwe.

Asubuhi ile mume wangu alikuwa ameshavaa shati jeupe, hataki kujipaka grisi. Akanipa spana. Nilikuwa na mtoto mgongoni, ana miezi saba. Nikazungusha nati, yeye akasukuma, wakahesabu mpaka kumi na tisa. Akaniambia niongeze. Nikaongeza. Safari hii gurudumu lilizunguka mpaka wakachanganya hesabu, na mmoja wao akasema huyu mwanamke ni fundi, tumhamishie kijiweni. Nikacheka. Nilicheka kwa raha kabisa, nimeshika kiuno.

Kicheko hicho ndicho kinachonirudia. Nafua, nakisikia. Nachambua maharage, nakisikia, na nyuma yake lile gurudumu linazunguka peke yake bila kuguswa na kitu. Kishindo sikukisikia. Nilikuwa juu kilimani na wanawake wenzangu, tunapiga vigelegele. Waliokuwa chini walisema alikanyaga breki ikazama mpaka mwisho, akakanyaga tena, akakanyaga tena. Walipomleta, mguu wa kulia ulikuwa bado umeelekeza kidole chini, kama unatafuta mahali pa kukanyaga. Wengine waliuliza kama alivaa kofia ngumu. Mimi niliutazama mguu.

Msibani wenzake wakasema breki ilikatika. Hakuna kilichokatika. Walijua, walihesabu kwa midomo yao, na wote wakala wali wa msiba wakaondoka. Nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa naishi kwa mama mkwe.

Mwaka huu, baada ya mavuno, wakatangaza mashindano tena. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa ameitengeneza pikipiki ileile. Siku moja kabla, mchana, akaisimamisha uani, mama mkwe akiwa kando anapepeta mpunga. Akasukuma gurudumu, halikumridhisha, akachukua spana.

Nikamwambia aache. Akanijibu kwamba mambo ya pikipiki niwaachie wenyewe. Nikamwambia kaka yake aliuawa na nati hiyohiyo. Akasema kaka alikatikiwa na breki, kila mtu anajua, na yeye vifaa vyake ni vipya, hivyo niache uchuro. Hakuwa na ubaya. Aliongea kama mtu anayemtuliza mjane.

"Haikukatika," nikasema. "Niliilegeza mimi."

Ungo ukasimama.

"Sema tena," mama mkwe akasema.

Nikasema tena, yote, tangu spana mpaka kicheko. Sikulia. Hasira haikuniachia nafasi ya kulia: hasira na marehemu na shati lake, hasira na wale wahesabuji, hasira na mkono wangu. Shemeji akamtazama mama yake. Mama mkwe hakunitazama hata kidogo.

"Kaza hiyo nati," akamwambia mwanawe. "Kaza nikiona. Na ya mbele irudishe."

"Mama, watanicheka."

"Wakucheke."

Akakaza. Kesho yake tukaenda wote watatu, mtoto nimembeba. Walipolisukuma gurudumu lake, lilizunguka mara moja na nusu likasimama, wakamwita bibi harusi, wakamuuliza kama shela kaisahau nyumbani. Mmoja aliyekuwa akipaza sauti zaidi aliniona, akageuza uso. Kwenye mteremko nilisimama karibu kabisa na mto, nilitaka kuona safari hii. Wenzake walipita kama waliorushwa. Yeye alishuka wa mwisho, taa ya breki inawaka, inazima, inawaka.

Wote walifika salama siku ile. Kwa hiyo hata leo kijiweni wanasema nilimharibia bure, na sina maiti ya siku ile ya kuwabishia nayo.

Nyumbani shemeji alinipita bila salamu, kope zimejaa vumbi. Mama mkwe akampakulia ugali, akampakulia mtoto wangu, akafunika chungu. Tangu aseme "sema tena" hajanisemesha, na sidhani kama atanisemesha. Nikafunua chungu, nikajipakulia mwenyewe, nikakaa mbele ya shemeji. Amenuna, anatafuna kwa nguvu. Nikamtazama mpaka akamaliza sahani.