Wikendi ya Juja na Mzee Aliyetusemea

Nakumbuka Jumamosi moja ya Agosti, mimi na mume wangu Wafula tumejipamba kama watu wanaokwenda arusini, kumbe tunakwenda Juja tu. Usicheke, mwanangu. Siku hizi watu wakiadhimisha ndoa wanapanda ndege kwenda pwani na kupigwa picha wakiwa wamevaa miwani ya jua. Sisi tulitoka Mwihoko kwa gari letu dogo, tukapita Ruiru, na kabla injini haijapata joto sawasawa tulikuwa tumefika. Lakini Juja ndiko tulikosomea chuo na ndiko tulikopendana. Rafiki yangu mmoja alikuwa amenishauri, "Nyambura, ndoa ikipoa, irudisheni pale mlipoiwashia." Niliona ni shauri zuri, nikalipia chumba cha hoteli karibu na chuo.

Ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka kumi, na ilikuwa imenyamaza. Hatukuwa tunapigana. Wafula hakuwa mlevi, nami sikuwa mtu wa kuzurura. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nasi tuliushika msemo huo mpaka tukaunyonga. Chakula kikiwa tayari namwambia mtoto wetu, "Simiyu, mwambie baba yako aje ale." Baba yake ameketi hapo hapo, amenisikia vizuri, lakini anamngoja Simiyu amletee habari. Akishiba anasema, "Mwambie mama yako asante." Mtoto alikuwa darasa la pili na tayari alikuwa mkalimani.

Kisa chenyewe ni hiki. Wafula alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha Thika. Jioni moja alirudi akasema kwamba Januari anaacha kazi, anarudi kwao Bungoma kulima shamba la marehemu baba yake, na akaniuliza kama nitakwenda naye. Nikamwambia siwezi kuliacha duka langu la dawa za mifugo pale Ruiru. Akasema sawa, atakwenda peke yake. Mazungumzo yakaishia hapo. Nilijua, na nina hakika naye alijua, kwamba akienda peke yake Januari, ndoa yetu haitafika Disemba. Nilikuwa nampenda bado, na kila nilipomwona akipanga vifaa vyake kwenye sanduku nilikwenda jikoni kulia.

Kulikuwa na jambo moja tu tulilokubaliana bila mkalimani: tusipite Kalimoni. Hapo Kalimoni, karibu na Juja, walikaa Guka Njoroge na mkewe Cucu Gathoni. Sisi Wakikuyu babu ni guka na nyanya ni cucu, lakini hawa hawakuwa babu na nyanya yetu wa damu. Cucu alikuwa na kibanda cha chapati na maharagwe nyuma ya chuo, akatulisha tulipokuwa wanafunzi. Halafu Wafula akataka kunioa. Kwetu mwanamume haendi ruracio, yaani mazungumzo ya mahari, bila wazee wa kumsemea. Yeye mwenyewe hata kinywa hafungui. Sasa baba yake Wafula alikuwa amefariki, na ami zake walikataa katakata kusafiri kuja kuposa kwa Wakikuyu. Baba yangu naye akasema hawezi kumpa binti yake kijana aliyekuja peke yake kama mchuuzi wa sufuria.

Basi Guka Njoroge akavaa koti na kofia, akashika bakora, akaja nyumbani kwetu Thika akiwa mbele na Wafula nyuma. Akamwambia baba yangu, "Huyu ni mtoto wangu. Ukiuliza watu wake wako wapi, ni mimi hapa." Mzee yule alikuwa na sauti ya kuamsha kanisa zima. Baba yangu alicheka, akamvutia kiti, na mambo yakaenda.

Na desturi ni kwamba waliokusemea siku ile ndio unaowapelekea ndoa yako ikiugua. Unawapelekea wao kwanza, kabla ya mchungaji na kabla ya chifu. Sisi tulikuwa tunaugua, lakini tuliona haya kuwaonyesha nyuso zetu. Cucu angetutazama mara moja tu na kujua. Kwa hiyo tulikwenda kulala hotelini katika mji ambao tuna wazazi, jambo ambalo hata mtoto mdogo wa kwetu anajua ni kosa. Tangu Krismasi hatukuwa tumewapigia hata simu.

Jumamosi ile ilikuwa ndefu, mwanangu. Tulitafuta kibanda cha Cucu, tukakuta pameota ghorofa la kupangisha wanafunzi, nguo zimeanikwa kila dirisha. Tulitafuta ukuta tuliokuwa tukikaa jioni, hatukuuona. Tukaingia mkahawani, na kijana mmoja mwenye vifaa vya muziki masikioni akampisha Wafula, akamwambia, "Sasa mzee, pita tu." Wafula hakuwa amefika hata miaka arobaini. Zamani tungecheka jambo hilo mpaka mbavu ziume. Siku ile kila mmoja alitazama sahani yake. Nilimtafuta yule kijana aliyekuwa akinisindikiza na daftari zangu kifuani pake, na nadhani naye alikuwa akimtafuta msichana fulani. Hao wawili hawakuwepo Juja.

Jumapili asubuhi tuliketi kunywa chai. Mpishi akatoka jikoni na sahani ya mayai, akasimama ghafla.

"Haiya! Si ni wewe Nyambura wa Cucu?"

Alikuwa ndiye aliyekuwa akimsukumia Cucu chapati miaka ile. Tulimsalimu, tukamsihi asimsumbue Cucu kwa simu. Ah, ni kama kumwambia jogoo asiwike. Chai haijapoa, Cucu Gathoni aliingia amevaa nguo za kanisani, kikapu cha kiondo mkononi, pumzi juu kwa kutembea haraka.

"Mko aje, wageni?" akasema.

Neno hilo wageni lilinichoma. Wafula alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Shikamoo, Cucu. Tulikuwa tumekuja tu kupumzika kidogo. Ni anniversary yetu."

"Hiyo ni vizuri. Lakini kwani nyumba yangu imeota miiba? Chukueni mizigo yenu. Mzee anawangoja."

Tulimfuata kama watoto waliokamatwa wakiiba miwa. Njiani hakutugombeza, alituuliza habari za Simiyu, tuliyemwacha kwa wazazi wangu Thika, na kimya chake kuhusu lile jambo lenyewe kilinitia hofu zaidi. Tulipofika Kalimoni ndipo nilipojua kwa nini alisema mzee anatungoja, wala si kwamba mzee anatuita.

Guka Njoroge alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, blanketi magotini. Mkono wa kulia umelala kama si wake. Alitutazama, macho yakajaa machozi, midomo ikahangaika, na hakuna neno lililotoka. Alikuwa amepigwa na kiharusi baada ya Pasaka. Sauti ile iliyotusemea mbele ya baba yangu ilikuwa imekwisha, na sisi hatukuwa na habari. Nilipiga magoti nikakiweka kichwa changu pajani mwake, nikalia kwa sauti.

Cucu hakutuacha tulie sana. Alimimina chai, huku akizungumza na mumewe. "Mzee, unaona Nyambura amenenepa? Na Wafula ameanza kuota mvi, si ndio? Ndama nayo imekataa kunyonya leo, lakini nitaijaribu tena." Akimaliza kusema jambo alinyamaza kidogo, akampa nafasi ya kujibu, akamtazama machoni, kisha akaendelea kana kwamba amejibiwa. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akizungumza hivyo na mwenziwe, hata mwenzi mwenye sauti.

Nikiwa bado nimeduwaa, mazoea yakanitoka mdomoni. "Cucu, mwambie Wafula anisogezee sukari."

Cucu akaiweka chupa ya chai chini. "Nimwambie? Yeye si huyu hapa?"

Tuliinamisha vichwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu, na mshindo huo ndio uliokuwa unakuja.

"Mimi mzee wangu amenyamazishwa na ugonjwa," akasema Cucu. Sauti yake haikupanda. "Kila asubuhi naomba Mungu anirudishie neno lake moja. Hata kama ni la kunigombeza, nitashukuru. Nyinyi mmenyamazishwa na nani?"

 Alinyanyuka, akaketi karibu na mumewe na kumfuta mdomo kwa leso. Ndipo Wafula akavuta kigoda chake mpaka magotini pa Guka. Hakunitazama mimi. Alisema na mzee.

"Baba, mama yangu macho yake yamekwisha. Mwezi wa nne alianguka akienda kisimani, akalala hapo mpaka jirani akampata. Sikumwambia Nyambura. Niliona atasema nilimuoa aje kuosha mama yangu. Nikaona heri afikirie ni shamba nataka."

 Mama mkwe wangu alikuwa amelala chini peke yake na mimi nilikuwa Ruiru nikiuza dawa za kupe! Nami nikasema, nikimtazama Guka vilevile, kwa maana kumtazama Wafula sikuweza.

"Nami, Guka, si duka lililonikataza. Duka kama lile unaweza kufungua popote penye ng'ombe. Naogopa. Ami zake walikataa hata kukanyaga kwetu. Nikifika huko, Mkikuyu peke yangu, siku wakiniambia nirudi kwetu, nani atanisemea?"

Wafula aligeuka akanitazama. Nadhani hakuwa amenitazama hivyo tangu Simiyu azaliwe. "Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Ndipo Guka aliponyanyua mkono wake wa kushoto. Ulichukua muda. Aligusa midomo yake mwenyewe. Kisha akainama, akagusa midomo ya Wafula. Kisha akaninyooshea mimi kidole, na kidole hicho hakukishusha mpaka Wafula alipoanza kulia.

"Umesikia mzee wako?" Cucu akauliza.

"Nimesikia, Baba," Wafula akajibu, lakini alimjibu Guka.

Mchana ule tulibaki Kalimoni, tukala githeri ya mahindi na maharagwe, tukazungumza mpaka makoo yakakauka. Tuligombana pia, nisikudanganye. Kuna mambo ya miaka mingi yaliyotoka siku ile, na mengine hayakuwa matamu. Lakini tuligombana tukitazamana, na Cucu alitikisa kichwa tu akiendelea kumenya viazi.

Disemba tulikwenda Bungoma sote watatu. Ami zake walikuja, wakakaa. Kabla yeyote hajauliza kitu Wafula alisimama akanisemea, na mmoja wao aliyekuwa mkali kuliko wote akaniletea kuku. Mama mkwe alinipapasa uso kwa vidole vyake, akasema nina mashavu ya mtu mwema. Hakuna aliyehamia Bungoma Januari ile. Tulikubaliana kumleta mama mkwe kwetu Mwihoko atibiwe macho, na shamba tukawa tunakwenda kulilima likizo za shule zikifika. Jicho moja lilirudi kuona. Aliishi nasi miaka yake iliyobaki, akinifundisha kupika mboga za kwao na kunisema nikitia mafuta mengi. Leo Wafula ni mzee wangu wa nyumbani, ana kelele kuliko redio, na mimi sijachoka nayo.

Sasa wewe, mwanangu, nimesikia umepanga kumpeleka mwenzako mahali, mwadhimishe miaka yenu. Nendeni. Kuleni vizuri, vaeni vizuri, pigeni hizo picha. Ila msiende kuwatafuta vijana mliokuwa, kwa maana hao wamekwenda zao na hawarudi. Mtafute huyu uliyelala naye jana. Muulize anaogopa nini, kisha umwambie unachokiogopa wewe, si kile unachokitaka tu. Mimi nilitaja duka na mume wangu akataja shamba, na vyote viwili vilikuwa vifuniko vya chungu. Chungu chenyewe kilikuwa kimejaa woga, na tulikaribia kukivunja bila kukifunua. Mficha ugonjwa, kilio kitamuumbua.

Na ukipita mji wenye watu waliokusemea, usilale hotelini kabla hujawasalimu. Usiwaonee haya. Walikusimamia ukiwa huna kitu, hawatakushangaa ukienda kwao na ndoa inayochechemea. Nenda mapema, wakiwa bado wana sauti ya kukugombeza. Mimi nilichelewa kidogo, na katika maisha yangu sijui kitu ninachotamani kukisikia tena kama sauti ya yule mzee.

Njoo karibu basi, ingawa uko mbali. Wazee wa kwangu na wazee wa Wafula, katika yote waliyotofautiana, walibariki watoto kwa namna moja, kwa kuwatemea mate kidogo kifuani. Pokea yangu. Mungu akupe nyumba yenye maneno. Akupe mtu wa kukusemea pale utakapokuwa mgeni, na akupe kinywa cha kumsemea mwenzako pale mtakapokuwa kwenu. Na siku mkikosana, mwanangu, mkosane kwa sauti, mkiwa mmetazamana.