Siku Nilipochaguliwa kwa Simu

Wimbo huo alinitumia mchumba wangu mwenyewe, miezi michache baada ya kwenda Doha kufanya kazi ya ulinzi. Mwimbaji analia kwamba mpenzi wake yuko ng'ambo, mmoja akiamka mwingine analala. Saa ya Doha na ya Thika ni ile ile, lakini hilo halikunizuia kulia. Nililia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kiwandani tunakopakia biskuti, mpaka msimamizi akaniuliza, "Kwani umefiwa?"

Baadaye wimbo ukavuma. Saluni za Ruiru, supamaketi, redio ya kiwandani, kote ni huo huo. Nilikuwa napakia biskuti huku midomo inafuatisha maneno, na ndani kimya. Kwenye wimbo, watu walio mbali wana mengi ya kuambiana. Sisi tulikuwa na chakula. "Umekula?" ananiuliza nikiwa chumbani kwangu Mugutha. "Nimekula. We?" "Nimekula." Kisha tunaangaliana kama wagonjwa kwenye foleni ya daktari. Mtandao ukikatika, nashukuru.

Ruracio, sherehe ya mahari kwetu Wakikuyu, ikapangwa hata hivyo. Kazini walimnyima likizo, basi watu wake na watu wangu wakakubaliana mahari ipelekwe, naye awepo kwa video. Kwetu, siku hiyo msichana hufunikwa leso gubigubi, pamoja na wenzake wa umbo kama lake, na mwanamume lazima amtambue. Akikosea anatozwa faini, watu wanacheka, maisha yanaendelea.

Tulipangwa mstari uani kwa wazazi wangu, nje kidogo ya Thika. Dada yake akashika simu, akaanza kupita nayo mbele yetu polepole. DJ alikuwa ameambiwa kwamba ule ni wimbo wetu, akauweka kwa sauti ya kutoboa masikio. Chini ya leso niliona viatu vyangu tu. Nikajiambia, akinijua, basi bado tupo. Asiponijua, sijui.

"Ni huyo wa leso ya manjano," nikasikia sauti yake.

Huyo alikuwa binamu yangu. "Faini!" wanawake wakapiga kelele.

"Basi ni huyo wa mwisho. Huyo, huyo!"

Binti wa jirani. Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Dada yake akaja akasimama mbele yangu, hakusonga tena, akakohoa.

"Ni huyu!" mchumba wangu akasema kwenye simu. Vigelegele vikapanda.

Nilingoja uchungu. Haukuja. Waliponifunua nikatazama simu: mwanamume mwenye kofia ya kazi, mashavu yameingia ndani, anacheka.

"Babe, ni network," alisema.

"Ni sawa," nikajibu, na kweli ilikuwa sawa. Wangemfunika yeye na wenzake blanketi huko kwenye kambi yao ya walinzi, wakanipa mimi simu nichague, mimi pia ningetozwa faini.

Kisha baba akajaza muratina, pombe yetu ya asali, kwenye pembe ya ng'ombe, akaniita mbele ya wazee. Pombe ya wakwe hainywewi mpaka msichana mwenyewe aseme.

"Mami," baba akaniuliza, "tukunywe hii pombe ya hawa watu, ama tusikunywe?"

DJ akazima muziki. Hakuna aliyekuwa ananilazimisha. Baba yangu ni mtu wa kumaanisha anachouliza, na ningesema hapana angeimwaga palepale. Nilitafuta sababu ya kukataa, sikuipata. Nikatafuta ya kukubali, sikuipata pia. Watu walikuwa wanangoja, na chakula kilikuwa kinapoa.

"Kunyweni," nikasema.

Mama akaangua kilio cha furaha, akawa anajifuta machozi kwa mikono yote miwili, hajali wageni. Nilimtazama kwa muda mrefu. Nilimwonea wivu kwa machozi yale.